Kozi za Mtiririko wa Giligili kwa Wanajiolojia: Ipi Ianze, Ipi Isubiri

Mwanafunzi wa jiolojia hufika mahali ambapo nyundo na dira havimsaidii tena. Amechora viwimbi vilivyoganda katika mwamba wa mchanga, amepima mwelekeo wake na unene wa kila tabaka, kisha msimamizi wake anamwuliza maji yaliyoviumba yalikuwa na kina gani na yalikwenda kwa kasi gani. Hana la kujibu, kwa sababu swali hilo si la mawe tena bali la giligili, yaani kitu chochote kinachotiririka, kiwe kimiminika au gesi. Akitafuta kozi ya kumtoa katika tatizo hilo, atakuta nyingi zenye majina yanayofanana, na kosa la kuchagua isiyomfaa humgharimu muhula mzima.

Nimechagua kulinganisha kozi nne za Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, maarufu kama MIT, kwa sababu moja ya wazi. Mwaka 2001 chuo hicho kilitangaza kwamba kitaweka vifaa vya masomo yake hadharani bila malipo, na hivyo msomaji aliyeko Dodoma, Kisumu au Mbarara anaweza kuzifungua zote kabla hajaamua. Hazitoi cheti wala krediti, na hakuna mhadhiri atakayekusahihishia mazoezi. Zinazolinganishwa ni 12.090, inayohusu mwendo wa giligili na usafirishaji wa mashapo, 12.003, inayohusu mwendo wa anga na bahari, 1.72, inayohusu maji yaliyo chini ya ardhi; na 2.25, ambayo ni mekanika ya giligili ya juu kwa wahandisi wa mitambo. Namba ya kwanza hutaja idara: 12 ni sayansi za dunia, anga na sayari, 1 ni uhandisi wa ujenzi na mazingira, na 2 ni uhandisi wa mitambo. Hata asiyefikiria kusoma huko atafaidika na ulinganisho huu, kwa kuwa kozi za vyuo vyetu nazo kwa kawaida huangukia katika mojawapo ya mikondo hiyo minne.

Kinachozitofautisha si mahali zinapoanzia. Zote zimezaliwa na mlinganyo mmoja, ule unaobeba majina ya Navier na Stokes, ambao kimsingi ni kanuni ya pili ya Newton iliyoandikwa kwa ajili ya kitu kinachotiririka. Ndani yake mna sehemu ya inesha, yaani ukaidi wa kitu kilichomo mwendoni kukataa kubadilishwa mwendo. Mna kanieneo, mna mnato, mna uzito. Na mtu anayeuandika akiwa juu ya sayari inayozunguka hulazimika kuongeza nguvu ya Coriolis, ile inayokunja njia ya kila kinachokwenda juu yake. Hakuna anayeutatua mzima kwa mkono. Kila fani hutupa sehemu ambazo kwake ni ndogo na kubaki na zile zinazotawala, na hapo ndipo kozi zinapoachana: mwenye kusoma maji ya ardhini hutupa inesha, mwenye kusoma bahari kuu hutupa karibu mnato wote, na mwenye kusoma mto hawezi kutupa kwa urahisi kimojawapo kati ya hivyo viwili, ila mzunguko wa dunia huusahau bila hasara. Kwa hiyo anayechagua kozi asitazame jina lake wala ugumu wake, bali aulize imezoea kutupa nini, na kama kinachotupwa ndicho hasa anachokihitaji.

Nianze na ile ambayo wengi huikimbilia kwa sababu ya heshima yake, nayo ni 2.25. Hii ni kozi ya ngazi ya uzamili. Inadai vekta, kalkulasi ya vigeu vingi na wepesi wa kuandika milinganyo bila kushikwa mkono. Inafundisha kanuni ya Bernoulli ya kasi na kanieneo, tabaka la mpakani, yaani giligili nyembamba inayopunguzwa kasi na ukuta inaougusa, mvutano wa uso wa kimiminika na mtiririko katika nafasi nyembamba, na mazoezi yake ni magumu kwa namna inayojenga. Anayetaka kuandika programu za kompyuta za kuiga mtiririko hatapata msingi bora zaidi ya huu. Hata hivyo, mifano yake ni ya mtu wa mitambo. Mimi nilianza na kozi ya aina hii, katika chuo ambacho hakina haja ya kutajwa, na nusu ya muhula iliishia katika mabomba na pampu. Siku nilipouliza kuhusu mchanga ulio chini ya mto, nilijibiwa kwamba mchanga ni ukwaruzo wa ukuta wa bomba. Kwa mhandisi jibu hilo ni sahihi kabisa. Kwa mwanajiolojia, ukwaruzo huo ndio mwamba wenyewe kabla haujawa mwamba, nao huhama, hujipanga na kubadilisha mtiririko uliousukuma.

Kozi ya 12.090 inaanzia pale pale nilipojibiwa vibaya. Iliwekwa wazi kutokana na masomo ya mwaka 2006, na pamoja nayo msomaji hupata kitabu kizima cha mhadhiri wake, John Southard, ambacho kinaweza kusomwa kuanzia ukurasa wa kwanza bila mwalimu. Hesabu zake ni nyepesi kwa makusudi. Badala ya kuanza na milinganyo, inamweka msomaji mbele ya tufe moja lililo ndani ya maji yanayopita, na kumwuliza nguvu inayolisukuma inategemea nini. Kutokana na swali hilo moja zinazaliwa uchanganuzi wa vipimo, namba ya Reynolds (inayolinganisha inesha na mnato), msukosuko na tabaka la mpakani. Baadaye tufe linakuwa punje ya mchanga, punje inakuwa sakafu ya mto, na sakafu inakuwa viwimbi na matuta.

Ubora wa njia hiyo unaonekana kwa hesabu moja ndogo. Kanuni ya Stokes ya mwaka 1851 inasema punje ya kwazi (quartz, madini ya mchanga) yenye kipenyo cha milimita 0.05 hushuka katika maji ya nyuzi 20 kwa kasi ya milimita 2 na kitu kwa sekunde, na kipimo cha maabara kinakubaliana nayo. Ukiingiza katika kanuni hiyo hiyo punje ya milimita 1, jibu linatoka karibu sentimita 90 kwa sekunde, ilhali punje halisi hushuka kwa sentimita 15 hivi. Kanuni haikukosewa; imetumiwa nje ya mipaka yake, kwa sababu ilitupa inesha na sasa inesha imerudi kudai haki yake. Mwanafunzi anaweza kulithibitisha hili nyumbani kwa giliserini ya duka la dawa, ambayo ikiwa safi mnato wake katika nyuzi 20 ni zaidi ya mara 1,000 ya ule wa maji. Punje ile ile ya milimita 1 itashuka humo kwa takriban nusu milimita kwa sekunde, hata kuvuka sentimita 20 kutachukua dakika sita, na safari hii kanuni ya Stokes itatoa jibu sahihi. (Atakayejaribu Dar es Salaam saa nane mchana asishangae punje ikienda haraka zaidi ya mara mbili, maana giliserini hupoteza zaidi ya nusu ya mnato wake joto likifika nyuzi 30.) Anayemaliza kozi hii ameelewa mipaka ya kanuni kwa mikono yake, jambo ambalo kozi ya uhandisi humwachia alijue kwa mdomo tu.

Udhaifu wake ni wa upande mwingine. Haimwandai mtu kwa modeli za kompyuta, haigusi maji ya ardhini kwa uzito, na mwenye kiu ya hesabu ataona kwamba matokeo mengine yameelezwa bila kuthibitishwa hatua kwa hatua. Sehemu kubwa ya fani yenyewe, kwa kweli, bado inasimama juu ya vipimo kuliko juu ya nadharia: mchoro wa Shields wa mwaka 1936, unaoonyesha nguvu inayotosha kuanza kung'oa punje sakafuni, ulichorwa kutokana na majaribio ya mfereji wa maabara, na hadi leo wahandisi wa mito wanaufungua.

Kozi ya 12.003 ni ya ulimwengu mwingine, na wanajiolojia wengi huipita wakidhani ni ya watu wa hali ya hewa peke yao. Chombo chake kikuu ni beseni la maji lililowekwa juu ya meza inayozunguka, kamera ikizunguka pamoja nalo. Katikati huwekwa kopo la barafu kuwakilisha ncha ya dunia, rangi hutonwa, na meza ikizunguka polepole maji hujipanga kama pepo za kitropiki, ikiongezwa kasi yanavunjika kuwa mawimbi na vimbunga vidogo vinavyofanana na ramani ya hali ya hewa ya Ulaya. Sijaona njia bora ya kumfanya mtu aamini nguvu ya Coriolis. Inadai kalkulasi na fizikia ya mwaka wa kwanza.

Namba inayotawala huko ni ya Rossby, ambayo hugawanya kasi ya mtiririko kwa zao la upana wake na kiwango cha mzunguko wa mahali husika. Ikiwa ndogo sana kuliko 1, mzunguko wa dunia unatawala. Aliyewahi kusimama Nanyuki, pale wenye mabeseni wanapowaonyesha wageni maji yakizunguka upande huu kaskazini mwa Ikweta na upande ule kusini mwake, anaweza kujifanyia hesabu. Katika umbali wa mita 20 kutoka kwenye mstari, kwa beseni la sentimita 30 na maji yanayokwenda sentimita 10 kwa sekunde, namba ya Rossby inazidi milioni 700. Dunia haina habari na beseni lile. Upande wa mzunguko unaamuliwa na mkono unaomimina maji.

Hata hivyo namba hiyo hiyo inafichua mpaka wa kozi yenyewe kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Beseni la maabara linalozunguka mara 10 kwa dakika, na maji yake yakienda sentimita 1 kwa sekunde, lina namba ya Rossby ya 0.02 hivi. Mkondo wa bahari wenye kasi ya mita 1 kwa sekunde na upana wa kilomita 100 ungekuwa na 0.1 katika latitudo ya 45, lakini ukiuweka mbele ya Dar es Salaam, ambako mzunguko unahisiwa kwa uchache kwa sababu ya ukaribu wa Ikweta, namba inapanda hadi karibu 0.6. Maana yake ni kwamba makadirio yanayofanya kazi vizuri katika Atlantiki ya Kaskazini yanaanza kulegea kwetu. Mkondo wa Somalia hugeuka pamoja na pepo, wakati wa kusi ukienda kaskazini-mashariki na wakati wa kaskazi ukirudi kusini-magharibi hadi kukutana na mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki upande wa kaskazini wa Kenya. Mabaharia wa majahazi waliijua kalenda hiyo karne nyingi kabla ya Rossby. Kozi hii itakupa lugha ya kuieleza, ila uwe tayari kuongeza usomaji wa bahari za Ikweta wewe mwenyewe.

Kuhusu 1.72 sina haja ya kurefusha, kwa sababu mwenye kuihitaji kwa kawaida anajijua. Msingi wake ni kanuni ya Darcy, iliyochapishwa mwaka 1856 kutokana na majaribio ya maji na mchanga katika mji wa Dijon, na hapo inesha imetupwa moja kwa moja. Mwendo ni wa kobe: mchanga wenye upitishaji wa sentimita 0.01 kwa sekunde, mteremko wa maji wa mita 1 kwa kila mita 1,000 na uwazi wa robo ya ujazo wake, hutoa kasi ya mita 12 na nusu hivi kwa mwaka. Anayefanya kazi ya visima, ya majaribio ya kusukuma maji au ya uchafuzi unaosambaa kutoka dampo atapata hapa vifaa vyake vyote, na kati ya hizi nne ndiyo inayolipa mapema zaidi katika ajira za nyumbani.

Sasa nije kwenye modeli za kushikika kwa mkono, yaani mito, miamba na bahari vilivyopunguzwa vikaingia maabarani, kwa kuwa hapa ndipo kozi hizi zinapotofautiana kwa namna isiyoonekana katika muhtasari. Kozi ya 2.25 inafundisha uwiano wa vipimo kwa ukamilifu wa nadharia. Ile ya 12.003 inakupa modeli moja nzuri na kuitumia muhula mzima. Lakini ni 12.090 inayokulazimisha kuona kwamba modeli karibu zote ni mapatano. Chukua mto wenye kina cha mita 5, kasi ya mita 2 kwa sekunde na maji ya meta za ujazo 625 kwa sekunde, uupunguze mara 25. Ili namba ya Froude, inayolinganisha inesha na uzito, ibaki vilevile, kina kinakuwa sentimita 20, kasi inagawanywa kwa 5 na kuwa sentimita 40, na wingi wa maji unagawanywa kwa 3,125, ubaki lita 200 kwa sekunde, ambazo pampu kubwa ya maabara inaziweza. Mpaka hapo furaha tupu. Namba ya Reynolds, hata hivyo, imeshuka mara 125, na huwezi kuirudisha bila kupata kimiminika chenye mnato mdogo kuliko wa maji kwa kiasi hicho, ambacho hakipo. Mchanga nao ukipunguzwa mara 25, punje ya nusu milimita inakuwa milimita 0.02, yaani tope laini linaloshikana na kuacha tabia za mchanga. Ndiyo maana maabara nyingi hutumia punje za plastiki au za makaa ya mawe, nyepesi badala ya ndogo.

Mantiki hiyo hiyo ilitumiwa na mwanajiofizikia Hubbert mwaka 1937 kwa miamba. Ukifanya sentimita 1 iwakilishe kilomita 1, mwamba wenye mshikamano wa paskali milioni 20 unapaswa kuwakilishwa na kitu chenye mshikamano wa paskali 120 hivi, kitu dhaifu kiasi cha kubomoka kwa kidole. Mchanga mkavu unafaa, na ndiyo sababu makunyanzi na nyufa za milima huigwa katika sanduku la mchanga wala si katika saruji. Mwenye kuvutiwa na upande huo, wa miamba inayopinda au kutiririka, hatashiba kwa kozi yoyote kati ya hizi nne. Ajiongezee 12.005 ya idara hiyo hiyo, inayoshughulikia mekanika ya vitu vinavyochukuliwa kuwa mfululizo usio na mapengo, kutoka ganda la dunia linalopinda hadi mantili, tabaka lililo chini yake, inayotiririka kwa mnato wa takriban 10²¹ paskali-sekunde. Huyo ndiye pia atakayeweza kuzungumza kwa uhakika juu ya lava ya Ol Doinyo Lengai, ambayo ni ya kaboneti na hutoka ikiwa na nyuzi 500 hadi 600 tu, wakati lava ya kawaida ya basalti huzidi 1,100.

Kwa aliye na muhula mmoja peke yake, na asiye na swali maalumu bado, ushauri wangu ni 12.090, hata kama anajiona hodari wa hesabu. Hesabu atazipata baadaye katika 2.25, na atazielewa zaidi akiwa tayari anajua punje inavyoshuka. Njia ya kinyume niliipita mwenyewe, na ilinichukua miaka miwili kusahau mabomba. Mwenye swali tayari aanze na kikokotoo kabla ya kufungua kozi yoyote: ajaze kasi, urefu na mnato wa kitu anachokisoma, atafute namba zake za Reynolds na za Rossby. Reynolds ikiwa chini ya 1 na maji yamo ndani ya mwamba, njia yake ni 1.72. Ikiwa kubwa na Rossby nayo ikiwa kubwa, yuko mtoni, aende 12.090. Rossby ikishuka chini ya 1, hana budi kuipitia 12.003. Anayeandika juu ya delta ya Rufiji atakuta majibu mawili kwa siku moja, moja la mdomo wa mto na jingine la bahari iliyo nje yake, naye asome 12.090 kwanza kisha 12.003, kwa mpangilio ule ule ambao mashapo yenyewe huufuata yakitoka mtoni kwenda kukutana na mkondo wa pwani.